Fataki za Jumamosi

Benigna alikuwa anarudi kutoka Mfaranyaki, alikokwenda kununua uzi na zipu, alipoona guta limeegeshwa mbele ya ukumbi mpya na mwanamume mwenye kofia ya kufuma akishusha maboksi. Bodaboda aliyembeba alikuwa ameshapita hatua ishirini hivi alipomgusa bega na kumwomba asimame. Akashuka, akarudi kwa miguu kuhakikisha kama macho yake yameona sawasawa. Yalikuwa yameona sawasawa. Kila boksi lilichorwa nyota na cheche za rangi nyekundu na kijani.

Mwanamume yule alimsalimia vizuri. Alisema anaitwa Twaha, amekodiwa kutoka Makambako, harusi ni ya leo hii, na familia ya bwana harusi imetaka watu wa Mshangano wote wajue kwamba kijana wao ameoa. Benigna akamuuliza fataki zitapigwa saa ngapi.

"Saa mbili, maharusi wakiingia," Twaha alijibu. "Halafu mara ya pili ni wakati wa keki. Hiyo ya pili ndiyo yenyewe."

Benigna akashukuru, akaondoka. Hakumweleza kwa nini ameuliza. Hakutaka mgeni amwone mama mzima wa miaka arobaini na mbili akiogopa maboksi.

Nyumba yake ilikuwa mita mia mbili tu kutoka hapo, upande wa bondeni, pale Mshangano inapoanza kugeuka mashamba. Sehemu kubwa ya mwezi aliishi peke yake. Mumewe, Leonce, aliendesha lori la makaa ya mawe, akipakia Mbinga na kushusha bandarini Mtwara. Binti yao, Careen, alikuwa shule ya bweni. Miaka miwili nyuma wezi walivunja dirisha la chumba cha cherehani, Benigna akiwa kitandani. Hawakumgusa. Walibeba cherehani moja na vitambaa vya wateja, naye alilala chali akisikia kila hatua yao, hawezi hata kumeza mate. Tangu siku ile usingizi ulimhama. Alilala na taa, akaamka kila paka alipopita juu ya bati. Ndipo Leonce alipomletea mbwa kutoka Mbesa, dume la kienyeji la rangi ya udongo, lenye mguu mmoja mweupe. Akampa jina la Watasema, kwa sababu majirani walishaanza kusema kwamba mke wa dereva amechanganyikiwa. Usiku wa kwanza tu Watasema alijilaza mlangoni mwa chumba cha Benigna, na haukupita mwezi Benigna akaanza kuzima taa.

Mbwa yule hakuwa mwoga. Malori ya barabara ya Njombe hakuyajali, na nyani waliokuja kuiba mahindi aliwafukuza mpaka ng'ambo ya mto. Ila mlio wa baruti ulimgeuza kiumbe kingine. Mkesha wa Mwaka Mpya uliopita alikata mnyororo, akaruka ua, akapotea gizani. Aliyemwona alikuwa jirani yao, Mzee Athanasi, bwana shamba mstaafu. Alimkuta amejibana nyuma ya banda la kuku, akanyoosha mkono amshike, na Watasema akamuuma. Mzee alichomwa sindano za kichaa cha mbwa, moja baada ya nyingine. Ingawa Benigna alimpelekea kadi ya chanjo ya Watasema aione kwa macho yake, mzee hakutulia mpaka miezi mitatu ikapita. Kwenye mkutano wa mtaa alisimama akasema mbele ya watu kwamba mbwa yule akikanyaga tena uwanja wake, hatarudi kwao mzima. Wengi walimuunga mkono. Benigna alikwenda kuomba radhi mara mbili. Tangu hapo ikawa shikamoo na marahaba, basi.

Alipofika nyumbani alitafuta kwanza kadi ya chanjo. Nyuma yake alikuwa ameandika maneno ya Daimu, afisa mifugo, aliyomwambia Januari baada ya mkasa ule. Akampigia simu ili asikie tena kwa sauti. Daimu alikuwa mtu mpole, Myao wa Tunduru, asiyecheka shida ya mtu hata kama ni ya mbwa. Akamrudishia yote bila haraka. Amtembeze mapema ili achoke. Amlishe kabla jua halijazama, kwa kuwa mbwa mwenye hofu hali. Amwingize chumba cha ndani, afunge madirisha, azibe mwanga, na afungulie redio mapema, mbwa aizoee kabla milio haijaanza. Asimfunge mnyororo, maana mbwa mwenye hofu anaweza kujinyonga nao. Asimkaripie. Akitaka kujificha chini ya kitu, amwache hukohuko.

"Na wewe mwenyewe utulie, mama," Daimu alimalizia. "Anakusoma. Ukihema vibaya, na yeye atahema vibaya."

Benigna akasema atajaribu, ingawa hata kwenye simu alijisikia anavyohema.

Akafanya kila kitu kama alivyoambiwa. Alimtembeza Watasema mpaka mtoni na kurudi, mbwa akiwa na furaha, ulimi nje. Alimpikia ugali wa dona na dagaa. Chumba cha cherehani akakigeuza pango: dirishani akatundika mablanketi mawili, chini ya meza ya kukatia akatandika godoro la Careen, na pembeni akaweka khanga aliyoivaa jana yake, ibaki na harufu yake. Redio akaiacha inazungumza kwa sauti ya wastani. Ilikuwa Julai, baridi ya Songea imekaza, kwa hiyo akavaa sweta nene la Leonce. Saa kumi na mbili na nusu akajiambia kwamba limebaki jambo moja, kumtoa mbwa ajisaidie, kisha wanafunga mlango mpaka asubuhi. Saa mbili ilikuwa mbali bado.

Akafunga kamba kwenye mkanda wa shingoni, ule wenye kibati kilichochongwa namba yake ya simu. Siku mbili hizo Watasema alikuwa anajikuna shingo, na Benigna alikuwa ameulegeza mkanda tundu moja. Hilo alilikumbuka baadaye, na alilikumbuka mara nyingi.

Walikuwa wamesimama getini, Watasema ameinua mguu kwenye nguzo, mlio wa kwanza ulipopasuka. Hakukuwa na dalili yoyote kabla yake. Mbingu ya jioni, iliyokuwa bado na wekundu kidogo upande wa Peramiho, ikachanika kwa mwanga mweupe, na kishindo kikapiga kifuani kama mtu aliyemsukuma kwa viganja. Kabla hajavuta pumzi ukaja wa pili. Benigna aliikaza kamba kwa mikono yote miwili. Aliona mbwa akirudi kinyumenyume, kichwa chini, masikio yamelala, macho yamekuwa meupe, na akajua kinachokuja, ila mikono haikuwahi. Mkanda ukapita juu ya masikio. Akabaki ameshika kamba yenye kitanzi kitupu, na Watasema alishafika kwenye kona ya njia, akatoweka.

Akaita. Sauti ilitoka nyembamba, si yake. Akakimbia kuelekea kona, akaita tena, na kilichomjibu ni muziki wa ukumbini tu na shangwe za watoto waliotoka kuangalia angani.

Baadaye alikuja kuambiwa kwamba zile mbili zilikuwa za majaribio, Twaha akipima upepo. Kwa wakati ule hakujua. Alijua tu kwamba ameambiwa saa mbili na imetokea saa moja kasoro, na kwamba mbwa wake anakimbia bila mkanda, bila namba, bila kitu cha kuonyesha kwamba ana kwao.

Alikwenda kwanza barabarani, kwa kuwa barabara ndiyo iliyomtisha zaidi. Giza lilikuwa linaingia na malori yalikuwa yanashuka kutoka Njombe yakiwa na taa kali. Kwenye kijiwe akawauliza waendesha bodaboda. Mmoja alisema ameona mbwa akivuka, mwingine akasema aliyevuka alikuwa mweusi. Wakati anawasikiliza, breki za basi zikalia nyuma yake, mlio mrefu wa kukwaruza. Alishindwa kugeuka. Mwendesha bodaboda mmoja ndiye aliyegeuka kwa niaba yake, akamwambia ni abiria tu anashuka. Benigna akashika usukani wa pikipiki ya mtu asiyemjua, akausubiri moyo urudi mahali pake.

Alijaribu kufikiri kama Watasema. Mbwa aliyeogopa angekimbilia wapi? Angekwenda mbali na mlio, kwenye giza, mahali palipobana. Akashuka tena bondeni akimulika kwa simu, akipita kandokando ya mashamba yaliyokwisha kuvunwa, mabua yakimkwaruza miguu. Aliita kwa sauti ya kawaida, kama anamwitia chakula, na katikati ya kuita alijisikia analia. Nyumba zote zilikuwa na watu nje. Kila kundi alilolipita alitazama kwanza mikono yao, kama kuna aliyeshika fimbo au jiwe. Aliwaza mkutano wa mtaa, namna watu walivyopiga makofi. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wanaogopa mbwa anayekimbia ovyo gizani, kama ambavyo yeye angeogopa kama angekuwa wa mwingine.

Simu ikaita mkononi. Ilikuwa Hilda, mke wa Mzee Athanasi.

"Mama Careen, mbwa wako yuko kwetu," Hilda alisema. "Njoo upesi."

Benigna akauliza yukoje. Hilda akarudia tu kwamba aje upesi, na simu ikakatika.

Kutoka pale mpaka kwa Mzee Athanasi ni mwendo wa dakika tano. Benigna hakukumbuka aliupita vipi. Alichokumbuka ni kwamba njiani alikuwa anapanga maneno ya kumwambia Leonce, na kwamba katika kila sentensi aliyoipanga Watasema alikuwa ameshakufa.

Mzee Athanasi alikuwa amesimama nyuma ya nyumba, karibu na shimo la choo kipya alilokuwa anachimbisha. Lilikuwa limefika kina cha futi tisa. Matawi waliyolifunika nayo yalikuwa yamevunjika katikati. Chini ya miguu ya mzee kulikuwa na rungu. Benigna aliliona rungu kabla ya kuona kitu kingine chochote. Akasimama mbali, akashindwa hata kuamkia.

Mzee akamtazama, kisha akalisukuma rungu pembeni kwa mguu.

"Sijamgusa," alisema. "Nilisikia kitu kimeanguka, nikaja nalo. Nikamulika, nikamwona alivyokaa. Nikashindwa."

Benigna akapiga magoti ukingoni na kumulika. Watasema alikuwa amejikunja kwenye pembe ya shimo, amejibana ukutani kana kwamba anataka udongo umfungulie mlango. Mguu mmoja wa mbele aliuinua, haukanyagi. Alikuwa anatetemeka mwili mzima, udenda unamtoka, na mwanga ulipomfikia hakuinua kichwa. Benigna akamwita. Sikio moja likasogea kidogo, basi.

Waliangalia saa. Ilikuwa imekaribia saa mbili na nusu. Hilda akasema maharusi wamechelewa barabarani, ndiyo kwanza wameingia, na kwamba kwa kuwa wamechelewa mshereheshaji ameamua keki ikatwe moja kwa moja, fataki zipigwe mara moja tu, zote. Alikuwa ameyasikia kwenye kipaza sauti. Benigna akamshika mkono, akamwomba akimbie ukumbini akamtafute Twaha mwenye kofia ya kufuma, amweleze, amwombe asubiri robo saa tu. Hilda alikuwa mwanamke mnene wa miaka karibu sitini, na hakuuliza swali la pili. Alijifunga khanga kiunoni, akaondoka akikimbia.

Mzee alileta ngazi ya mianzi na kamba ya katani. Akasema waziwazi kwamba yeye hashuki. Aliinua mkono wake wa kulia kwenye mwanga, na Benigna akaona kovu kwenye nyama ya kidole gumba, limekauka, linang'aa. Mzee alisema bado anaota, na kwenye ndoto ni mbwa huyuhuyu, ila mkubwa kama ndama. Aliyasema hayo bila lawama. Ilikuwa mara ya kwanza Benigna kusikia kwamba na yeye halali vizuri.

"Hata mimi ningekuwa wewe, nisingeshuka, baba," alimwambia. "Nishikilie ngazi tu."

Akashuka. Shimo lilikuwa jembamba kuliko lilivyoonekana kutoka juu, na baridi yake ilikuwa ya aina nyingine, baridi yenye harufu ya mizizi iliyokatwa. Kila mguu wake ulipogusa ukuta, udongo mwekundu ulimomonyoka na kudondoka. Alifikiri kuhusu mashimo yaliyowahi kufukia watu. Alijaribu kutofikiri, akashindwa. Chini, akageuza uso pembeni asimkazie mbwa macho, akachuchumaa, akasubiri. Watasema akatoa sauti ya chini kooni. Tangu aletwe hakuwahi kumngurumia.

Benigna akakumbuka kuhema. Akavuta pumzi taratibu, akaitoa taratibu, akaanza kumsemesha maneno ya kila siku: kwamba kesho ni Jumapili, kwamba sare za kwaya bado hazijakamilika, kwamba Leonce yuko Mtwara na atarudi Jumatano. Akasogea kiasi cha kiganja kimoja, kisha kingine. Ilichukua muda mrefu mpaka bega lake likagusa ubavu wa mbwa, na chini ya manyoya akahisi moyo unavyokwenda, mbio mno, mpaka akaogopa utasimama.

Juu, Hilda alikuwa amerudi anatweta. Maneno yake yalifika shimoni vipandevipande. Twaha alisikitika sana, hata alitaka kuja mwenyewe. Lakini keki imeshakatwa, mshereheshaji ameanza kuhesabu, na baba wa bwana harusi hataki kusikia habari ya mbwa. Alichoweza kuahidi ni kutozipiga zile tatu kubwa kuliko zote.

"Panda," Mzee Athanasi alisema. "Mama Careen, panda utoke, tutarudi zikiisha."

Benigna alitazama ngazi. Ilikuwa hatua mbili tu kutoka alipo. Akamtazama Watasema, ambaye kwa mara ya kwanza alikuwa ameegemeza kichwa chake kwenye sweta la Leonce. Alijua kwamba akiondoka, mbwa atabaki humu peke yake na mlio, kwenye shimo lisilo na pa kukimbilia, na kwamba kuna wanyama wanaokufa kwa hofu peke yake, bila jeraha. Alijua vilevile kwamba akibaki, meno yale yatakuwa karibu na shingo yake.

"Ziba juu, baba," akasema. "Na kama kuna redio, nileteeni redio."

Mzee hakubishana. Benigna alisikia miguu inakimbia, mlango unabamizwa, Hilda anaambiwa avute godoro. Redio ndogo ya betri ikashushwa kwa kamba ikiwa imewashwa, na ndani yake mtangazaji alikuwa anatangaza mpira kwa kasi. Kisha godoro likateleza juu ya mdomo wa shimo, na juu yake magunia matupu, moja juu ya jingine, upande mmoja, penye ngazi, pakiachwa nafasi ya hewa. Ikawa giza totoro. Benigna alimkumbatia mbwa, akamziba masikio kwa mikono ya sweta, akauinamisha uso mgongoni mwa mbwa.

Mlio wa kwanza ulikuja kupitia ardhini kabla ya kupitia hewani. Aliusikia kwenye mifupa ya kukalia. Watasema akaruka, na alipokuwa anaruka akageuza kichwa akauma kilichokuwa karibu, na kilichokuwa karibu kilikuwa mkono wa kushoto wa Benigna. Meno yalipita kwenye sufi mpaka kwenye nyama. Hakupiga kelele. Si kwamba alikuwa shujaa. Sauti ilikuwa imekatika kabisa, kama usiku ule wa wezi. Ila usiku ule mwili wake ulikuwa umelala kama gogo, na sasa, hofu ni ileile, mikono ilikuwa haiachii. Alikaza. Mlio wa pili, wa tatu, kisha mfululizo usiohesabika, na udongo ukawa unadondoka kichwani mwake, kwenye nywele, ndani ya kola. Alijiambia ukuta unakuja. Kila kishindo kilipopiga alijiambia sasa unakuja. Mtangazaji wa mpira akaendelea kusema, kona, mpira wa kona, naye akayang'ang'ania maneno yale kama kamba.

Wakati fulani, bila yeye kujua ni lini hasa, taya zikalegea. Watasema aliuachia mkono. Akasukuma pua yake kwapani kwa Benigna, ndani kabisa ya sweta, na hapo akabaki, akitetemeka, akihema pale kwenye joto. Benigna naye alikuwa anatetemeka. Haikuwa rahisi tena kujua nani anamtetemesha mwenzake.

Kisha kukawa kimya, na katikati ya kimya hicho wakasikia makofi ya mbali.

Hawakutoka mara moja. Mzee Athanasi alifungua magunia taratibu, akauliza kwa sauti ya chini kama wapo salama, na Benigna akajibu kwamba wapo, ila wapewe muda. Walipewa muda. Baadaye alimfunga Watasema ndani ya khanga ya Hilda, mzigo mmoja, macho yamefunikwa, akampitisha kamba ya katani chini ya kifua. Ngazi ikayumba. Aliposhindwa kupandisha hatua ya mwisho, kwa sababu mkono wa kushoto haukuwa na nguvu, mikono miwili ilishuka kutoka juu na kuuchukua mzigo. Ilikuwa mikono ya mzee. Alimpokea mbwa kifuani, uso wake ameugeuza pembeni kabisa, midomo imebana, na Benigna aliona kidole gumba chenye kovu kikitetemeka juu ya khanga. Lakini hakumdondosha. Alimbeba mpaka jikoni, akamlaza chini, akatoka nje akasimama peke yake ukutani kwa dakika kadhaa.

Daimu, kwenye simu, aliuliza kuhusu mkono kabla ya kuuliza kuhusu mguu wa mbwa. Kadi ya chanjo iwepo au isiwepo, alisema, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka robo saa nzima, na usiku huohuo aende hospitali. Hilda akamwagia maji kwa kata, akihesabu dakika kwenye saa ya ukutani. Mzee ndiye aliyemsindikiza hospitali, kila mmoja kwenye bodaboda yake, na walipofika, muuguzi alipotaka kujua ni mbwa wa nani, mzee alijibu kabla ya Benigna.

"Ni mbwa wa mtaani kwetu," alisema. "Tunamfahamu."

Mguu wa Watasema haukuwa umevunjika, ulikuwa umeteguka. Alichechemea wiki tatu. Twaha alikuja Jumapili asubuhi kabla hajarudi Makambako, akakaa kwenye kiti cha wateja, kofia mkononi, akaomba radhi kwa yale majaribio. Alisema miaka sita ya kazi hii hajawahi kuulizwa saa na mtu, ndiyo maana hakuona uzito wa swali la Benigna. Angejua, angezunguka nyumba kwa nyumba. Benigna alimjibu kwamba na yeye angepaswa kueleza kwa nini anauliza, badala ya kuona aibu. Mwenye ukumbi, baada ya Mzee Athanasi kumwendea pamoja na wajumbe wawili wa mtaa, alikubali kubandika tangazo siku tatu kabla ya sherehe yoyote yenye fataki, na saa ikitajwa ifuatwe.

Si kwamba hofu iliisha. Mwezi wa nane kulikuwa na harusi nyingine, tangazo likabandikwa, na saa ikafuatwa kwa dakika. Benigna aliogopa tangu asubuhi. Watasema alikaa chini ya meza ya kukatia, amebana pua ukutani, na aliposikia kishindo cha kwanza alijikojolea. Lakini mlango ulikuwa umefungwa, mkanda umekazwa tundu lake, na Benigna alikuwa amekaa sakafuni pembeni yake, akihema taratibu kama alivyofundishwa. Kwenye kiti karibu na mlango, mbali kidogo, mikono yake ameificha mifukoni mwa koti, alikaa Mzee Athanasi. Hakuwa ameitwa. Alibisha hodi saa moja na nusu, akaamkiwa, akaingia, akasema amekuja kusikiliza taarifa ya habari, maana redio ya kwake imeisha betri.